Dawa ya maumivu ya mwezi: mama aulizwe mwili wake unavumilia nini

Wandugu wachimbaji, wamama watwangaji, na ninyi wote mnaokula kwa jasho la jiwe,

Mkiona mtu wa sendika anaandika kwenye ukurasa huu, kwa kawaida mnangoja habari ya shimo lililoporomoka, mizani inayoibia mchimbaji, ao taksi zinazolipishwa bila risiti. Leo nazungumza juu ya tumbo la mwanamke. Mwenye kuona kwamba hiyo haihusu sendika, asome kwanza.

Kwenye karieri za Kivu ya Kusini, mama anayetwanga jiwe la dhahabu, yule ambaye watu wa Kamituga wanamwita twangaise, halipwi kwa mwezi. Analipwa kwa beseni ao kwa gunia. Siku hakutwanga, jioni hakuna unga. Sasa, kati ya hao wamama kuna wale ambao kila mwezi wanapoteza siku 2, siku 3, wengine karibu wiki nzima. Wanajikunja kwenye mkeka, wanatapika, hawawezi kuinua nyundo. PDG wa shimo anasema huyu ni mvivu. Mama mkwe anasema alitoa mimba zamani. Jirani anasema amerogwa. Na yeye mwenyewe amesikia tangu utoto kwamba mwanamke anapashwa kuvumilia, basi ananyamaza.

Kumbe mara nyingi iko ugonjwa, na uko na jina: endometriozi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao, maana yake watu kama milioni 190 duniani. Haiwezekani wote wakae Ulaya na sisi tusiwe na hata mmoja.

Ninataka kusema jambo moja. Dawa nyingi zinazotuliza ugonjwa huu ni zile zile za kabati la planing kwenye kituo cha afya. Kati yao hakuna moja inayoshinda zote kwa wanawake wote. Kinachofanya dawa iwe nzuri kwa mama fulani ni kama mwili wake unaivumilia, kama anaipata kila wakati, na kama anaweza kuilipa. Kwa hiyo mama anapashwa kuulizwa, na akisema dawa inamsumbua, anapashwa kubadilishiwa. Kumdunga sindano iliyopo, halafu kumwambia avumilie, hiyo si matibabu.

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya kizazi kuna utando ambao kila mwezi unanenepa, na mimba isipoingia unatoka pamoja na damu. Kwa mwenye endometriozi, kitu kinachofanana na ule utando kinaota nje ya kizazi: kwenye mifuko ya mayai, kwenye ngozi ya ndani ya tumbo, pengine kwenye utumbo ao kibofu. Nacho kinasikia amri ya homoni kila mwezi, kinavimba, kinavuja damu, lakini damu hiyo haina njia ya kutokea. Inaleta uvimbe, makovu, na viungo vya tumbo vinashikamana kama karatasi zilizomwagiwa gundi.

Njo maana maumivu yake si yale ya kawaida ya siku moja. Yanaanza pengine mbele ya damu, yanapiga kiuno na miguu. Wengine wanaumia wakati wa kulala na bwana, wakati wa kwenda haja kubwa ao ndogo. Wengine wanachoka bila sababu. Na wengine wanakawia kupata mimba.

Lakini si kila maumivu ya mwezi ni endometriozi. Mama akiwa na homa pamoja na uchafu unaonuka, hiyo ni maambukizo, inataka dawa nyingine. Akiwa amekosa mwezi halafu maumivu makali yanamkamata upande mmoja, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, inaweza kuwa mimba iliyoshika nje ya kizazi, na hiyo inaua. Hata ekografi ikionyesha kwamba kila kitu ni sawa, haimaanishi kwamba mama anadanganya, juu ekografi inaona vizuri vifuko vya damu kwenye mifuko ya mayai, lakini madoa madogo inayapita.

Zamani wanganga walisema ni lazima kumpasua mtu kwa kamera ndogo ili kuwa na uhakika. Kazi hiyo katika jimbo letu si ngeni. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999, imekwisha kufanya upasuaji wa kamera, na Profesa Guy-Bernard Cadière wa Bruxelles alikuja kuufanya pamoja na Daktari Denis Mukwege. Lakini mtu wa Luvungi ili afike Bukavu apande Ngomo ao azunguke kupitia Rwanda, na vita ikifunga barabara namba 5, ao mvua ikiikata, Bukavu inakuwa mbali kama Kinshasa. Kwa bahati nzuri, tangu 2022 chama cha wanganga wa uzazi wa Ulaya kinakubali kwamba mama mwenye dalili anaweza kuanza dawa bila kungoja kupasuliwa. Kwetu sisi hiyo ni habari kubwa. Inamaanisha kwamba kituo cha afya cha chini, chenye muuguzi anayesikiliza, kinaweza kuanza kazi.

Kwa nini homoni

Dawa za maumivu tu, kama ibuprofeni na diklofenaki, zinasaidia, na mama wengi wanaanzia hapo. Lakini kuzimeza kila mwezi kwa wingi, na tumbo tupu kama tunavyofanya kwenye karieri, kunachubua tumbo mpaka vidonda. Na tramadoli ile inayozunguka kati ya vijana wa mashimo, wamama wasiikaribie kama dawa ya mwezi. Inafunika maumivu na inafunga mtu kwa mazoea.

Dawa za homoni zinafanya kitu kingine. Zinalaza ule utando, usinenepe na usivuje damu. Hazing'oi ugonjwa. Mpaka leo hakuna dawa inayoung'oa kabisa. Ukiacha, mara nyingi maumivu yanarudi. Kwa hiyo tunazungumza juu ya dawa ya miaka, na dawa ya miaka isipovumilika, mtu ataitupa. Hapo njo neno la kuvumilia linakuwa kubwa kuliko neno la nguvu.

Dawa moja moja

Tuanze na kidonge cha kawaida cha planing, chenye homoni mbili, estrojeni na projestini. Kinapatikana mahali pengi na bei yake ni ndogo. Kwa endometriozi kinaweza kumezwa bila kukatiza, maana yake mama anapita vile vidonge vya mwisho vya plaketi visivyo na homoni na kuanza plaketi mpya, ili damu isije. Afanye hivyo kwa maelezo ya muuguzi. Kinachosumbua: kichefuchefu miezi ya kwanza, kichwa, matiti kuuma, madoa ya damu. Uzuri wake ni kwamba kikikusumbua, unaacha leo, na siku chache kinatoka mwilini. Lakini hakifai kwa kila mtu. Mwenye presha, mwenye umri wa kupita miaka 35 anayevuta sigara, mwenye kuumwa kichwa cha upande mmoja pamoja na macho kuona vimulimuli, mwenye kuwahi kuganda damu mguuni, ao aliyezaa juzi na ananyonyesha, wote hao wapewe kitu kingine. Kupima presha ni dakika 2. Mama asikubali plaketi ya kwanza bila kupimwa.

Kuna vidonge vya projestini peke yake. Vinavyojulikana kwa ugonjwa huu ni viwili: noretisteroni na dienogesti. Noretisteroni ni dawa ya zamani, farmasi nyingi zinaijua juu inatumiwa kusimamisha damu. Inaweza kuleta chunusi, uzito, na moyo mzito. Dienogesti ni mpya zaidi, 2 mg kila siku. Inaleta pia madoa ya damu, kichwa na huzuni kwa wengine, lakini chunusi na mambo ya namna hiyo ni kidogo. Wanganga wa Milano, Italia, walilinganisha hizo mbili na kutoa matokeo mwaka 2016. Waliona kwamba dienogesti inavumilika vizuri zaidi, lakini wanawake waliosema wameridhika walikuwa karibu sawasawa kwa pande zote mbili, na dienogesti ilikuwa ghali mara nyingi zaidi. Mtu wa karieri anaelewa hesabu hiyo haraka. Mama aanze na ile ya bei ndogo. Ikimshinda kabisa, hapo familia itafute pesa ya ile nyingine.

Sindano ya miezi 3, Depo-Provera, wamama wote wanaijua. Ina ndugu yake mdogo, Sayana Press, inayodungwa chini ya ngozi, na mama akifundishwa anaweza kujidunga mwenyewe nyumbani. Kwa mtu anayelala kwenye karieri mbali na kituo, hiyo ni faida kubwa. Na si dawa ya planing tu: dawa hiyo hiyo ya chini ya ngozi, Marekani iliikubali mwaka 2005 kwa maumivu ya endometriozi. Iliposhindanishwa na sindano kali za hospitali kubwa, ilipunguza maumivu karibu sawa, na mifupa ikapoteza nguvu kidogo kuliko kwa zile kali.

Lakini tuseme na upande wa pili. Miezi ya kwanza damu inaweza kuja ovyo ovyo, halafu kwa wengi inakatika. Wengine wananenepa. Mifupa inapungua nguvu kidogo, na inarudi ukiacha. Kuzaa kunakawia kurudi, pengine miezi 10 ao zaidi tangu sindano ya mwisho. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walionyesha pia kwamba ile ya 150 mg ikitumiwa kupita mwaka mmoja inaongeza hatari ya uvimbe fulani kwenye ngozi ya ubongo. Uvimbe huo ni nadra, lakini mama anayo haki ya kuambiwa. Na kitu kikubwa kuliko vyote: sindano ikiisha kuingia haitoki. Ikikusumbua, utaisikia miezi 3. Kwa mama ambaye hajawahi kujaribu homoni yoyote, mimi naona ni vizuri ajaribu kwanza kidonge, kama hana katazo, aone mwili wake unasemaje.

Vijiti vya mkononi, Implanon wa miaka 3 na Jadelle wa miaka 5, vinasaidia pia. Utafiti wa Brezili wa mwaka 2018, kwa wanawake 103 wenye endometriozi, ulilinganisha kijiti cha aina ya Implanon na DIU yenye homoni, na maumivu yalipungua kwa wote wawili. Shida yake ni damu isiyo na kalenda. Mwingine haioni kabisa, mwingine inamfuata wiki kwa wiki. Kijiti kinatoka siku unapotaka, lakini mbele ya kukiweka uliza: ni nani atakitoa, na anakuwa hapa siku gani? Kuna mahali wanaweka wakati wa kampeni, halafu kampeni ikiondoka, hakuna anayejua kutoa.

DIU yenye homoni, jina linalojulikana ni Mirena, inawekwa ndani ya kizazi na kutoa homoni kidogo kidogo pale pale miaka 5 na kupita. Kwa kuwa homoni inayoingia katika damu ni kidogo, wengi wanaivumilia vizuri. Miezi ya kwanza inaleta mikazo na madoa, na inataka mtu aliyefundishwa kuiweka. Hapa kuna kosa la kuangalia sana: DIU ya shaba, ambayo ni rahisi kuipata, si dawa ya ugonjwa huu. Inaweza kuongeza damu na maumivu. Mtu akikuambia DIU zote ni moja, usikubali.

Mwisho kuna dawa kali, zile zinazofunga mifuko ya mayai kabisa, kama leprorelini na triptorelini. Zinatuliza, lakini zinamtia mwanamke katika hali ya mtu aliyeacha kuona mwezi kwa uzee: joto la ghafla usiku, kukosa usingizi, ukavu, mifupa kupungua. Hazitumiwi kupita miezi 6 bila kuongezewa homoni kidogo ya kulinda mifupa. Bei yake ni ya watu wenye pesa, na zinataka munganga wa wanawake. Katika utafiti wa Ulaya uliotolewa mwaka 2010, kwa wanawake 252, dienogesti ilituliza maumivu sawa na leprorelini, bila ule moto mwingi wa mwili. Kwa hiyo mtu asiuze mbuzi na shamba akidhani dawa ya bei kubwa ndiyo inaponya. Na mtu akikutolea danazoli, dawa ya miaka ya 1970, ujue kwamba leo wanganga hawaishauri tena. Inaweza kuleta ndevu na kubadilisha sauti, na sauti nyingine hairudi.

Neno moja kwa familia zetu hasa. Vumbi la mashimo na kifua kikuu vinatembea pamoja. Mama akiwa kwenye dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, kidonge cha planing na kijiti vinapungua nguvu. Dawa nyingine za ukimwi zinafanya vile vile kwa kijiti. Sindano ya miezi 3 inabaki na nguvu yake mbele ya rifampisini. Basi mama aonyeshe dawa zote anazomeza, asifiche hata moja.

Hakuna mshindi mmoja

Mtu anaweza kusema: wewe mtu wa nyundo, nani amekuambia hakuna dawa inayoshinda? Jibu lilitoka Uingereza mwaka 2024. Wanganga walifuata wanawake 405 waliopasuliwa juu ya endometriozi. Kundi moja lilipewa kidonge cha homoni mbili, kundi lingine sindano ya miezi 3 ao DIU yenye homoni. Baada ya miaka 3, maumivu yalikuwa yamepungua karibu asilimia 40 kwa makundi yote mawili. Tofauti iliyoonekana ni kwamba waliokuwa kwenye sindano ao DIU walirudi kupasuliwa ao kuhitaji matibabu mengine mara chache zaidi.

Nasoma hivi: ikiwa nguvu zinalingana, uchaguzi unabaki kwa mwenye mwili. Mama anayesahau kidonge kwa sababu anaamka saa 10 ya usiku kwenda karieri, sindano itamfaa. Mama anayetaka kuzaa mwaka ujao, sindano haitamfaa, achukue kidonge anachoweza kuacha wakati wowote. Mama ambaye damu ya ovyo inamnyima kusali ao kulala na bwana wake, kijiti kinaweza kumletea vita nyumbani.

Na dawa ipewe nafasi. Wauguzi wengi wanashauri miezi 3 mbele ya kuhukumu, juu mwili unachukua muda kuzoea. Lakini kuna dalili ambazo hazingoji hata siku moja: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana na pumzi kukatika, kichwa kikali pamoja na macho kupotea, macho kuwa ya njano, ao huzuni inayomfanya mtu kutaka kujiua. Hapo dawa isimamishwe na mtu apelekwe hospitali.

Sasa kwa wababa

Wababa, tunajuana. Bwana akikuta plaketi chini ya godoro, nyumba inawaka. "Umekuja kunifungia kizazi." Mahari ilitolewa juu ya watoto, familia inangoja, na hapa mke anameza dawa ya planing! Ninaelewa hofu hiyo, na sitaki kuicheka. Mtu wa karieri asiye na pensheni, watoto njo pensheni yake.

Lakini tuangalie mambo mawili. La kwanza, kidonge, kijiti na DIU havifungi kizazi. Ukiacha ao kutoa, uwezo wa kuzaa unarudi kama ulivyokuwa. Sindano inachelewesha, lakini nayo inaisha. Kinachoharibu kizazi ni ugonjwa wenyewe unapoachwa kujenga makovu miaka 10 bila matunzo.

La pili, lazima niseme ukweli hata kama unaumiza: homoni hizi hazimsaidii mwanamke kupata mimba. Zinatuliza maumivu tu, na wakati anazitumia hatazaa. Kwa hiyo ndoa inayotafuta mtoto sasa, njia ni nyingine, iende kwa munganga wa wanawake, na wote wawili wapimwe, bwana na bibi. Mtu akiwauzia homoni hizi kama dawa ya kupata mtoto, anawadanganya. Akiwauzia mizizi ya kuingiza ukeni kwa kazi hiyo hiyo, anawadanganya mara mbili na anaweza kuleta maambukizo.

Sheria nayo imesema. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya inataka wenye kuoana wakubaliane juu ya njia ya planing. Wasipopatana, neno la yule ambaye njia inamhusu ndilo linashinda. Lakini mimi sipendi tufike kwa sheria. Napenda bwana aende na bibi yake kwenye kituo, asikie mwenyewe, aulize maswali yake. Mchimbaji anayejua bei ya kila gramu ya dhahabu anaweza pia kujua jina la dawa ambayo mke wake anameza.

Tunachoomba

Kuna watu wanaosema: watu wanakufa kwa kipindupindu na risasi, wewe unaleta habari ya mwezi. Jimbo letu limejulikana duniani kwa majeraha ya vita juu ya wanawake, na Mukwege alipewa Nobeli ya Amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Ni haki. Lakini mama ambaye hakupigwa risasi na hakushikwa kwa nguvu, anayeumia tu kila mwezi, naye ni mgonjwa. Kama tukingoja vita iishe ndipo tumsikilize, atakuwa bibi kizee.

Tunaomba vitu ambavyo havitaki mamilioni.

Kwa vituo vya afya: mama akija na maumivu ya mwezi asirudishwe na parasetamoli tu. Aulizwe maumivu yalianza lini, yanamkamata siku ngapi, yanamzuia kazi ao hapana. Apimwe presha, ahakikishwe hana mimba. Aonyeshwe angalau njia mbili, aelezwe ubaya na uzuri wa kila moja, na apewe tarehe ya kurudi kusema mwili umevumilia nini. Na kabati lisiwe na sindano peke yake. Kabati la dawa moja linamlazimisha mama.

Kwa kooperative: kila moja inakata pesa kwa mzigo. Sehemu ndogo ya makato hayo iwekwe kwenye kisanduku cha afya, na wamama watwangaji waingie katika kamati inayokishika. Kisanduku hicho kilipe safari ya kwenda hospitali na plaketi za akiba, ili barabara ikifungwa mama asikatize dawa. Kwa chefferie zinazopata sehemu yao ya 15% ya redevansi ya madini pale ambapo kampuni zinalipa: wananchi waonyeshwe ni ngapi ilifika kwenye uzazi na afya ya wanawake.

Kwa PDG wa mashimo: mama akisema leo hawezi, asifukuzwe na nafasi yake isiuzwe. Kuna kazi nyepesi siku hiyo, kuchagua mawe akikaa, kuandika mizigo. Siku 2 za kazi nyepesi hazimfilisi mtu.

Na kwa wamama wenyewe: andikeni. Kwenye daftari la mtoto la zamani, tia alama siku ya damu, siku ya maumivu, dawa uliyomeza, na kile ilikuletea. Miezi 3 ya alama hizo mbele ya muuguzi zina nguvu kuliko kusema tu "ninaumwa sana". Sisi wachimbaji tunadai risiti ya kila gunia ili tusiibiwe. Hiyo njo risiti yako. Ukifika nayo na mtu akakuambia bado uvumilie, njoo sendika, tutarudi naye pamoja.